Mshahara wa mwalimu wa zeze katika mkanda wa dhahabu

Hukwe Ubi Zawose, mwanamuziki wa Kigogo kutoka Dodoma, alifariki dunia Desemba 30, 2003, nyumbani kwake Bagamoyo. Alikuwa ameshapiga zeze na ilimba, marimba ya vidole ya Wagogo, katika kumbi za mabara kadhaa, na santuri zake zilikuwa zimewafikia watu wasiojua Dodoma iko upande gani wa dunia: Tanzania Yetu ya mwaka 1985, Chibite ya mwaka 1996, na Assembly ya mwaka 2002 aliyoirekodi na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Ni rahisi kumkumbuka kwa safari na santuri hizo. Lakini makofi ya ukumbini huisha usiku uleule, na santuri huwafikia wanaozitafuta tu. Kilichoendelea kuishi baada yake ni watu waliokaa mbele yake wakafundishwa mahali pa kuweka kidole na namna ya kuvuta upinde. Hoja yangu inaanzia hapo, nayo inawahusu wakazi wa Shinyanga na Geita kuliko inavyoonekana kwa mara ya kwanza. Mpiga ala ya nyuzi hutengenezwa na mwalimu aliyelipwa ili apate muda wa kufundisha. Sehemu ya nchi inayotoa dhahabu nyingi kuliko nyingine zote bado haijauhesabu mshahara huo miongoni mwa mahitaji yake.

Ili hoja hiyo ieleweke, lazima kwanza tuitazame ala yenyewe. Selo la Ulaya lina nyuzi nne, hushikwa wima katikati ya magoti ya mpigaji aliyeketi, na huamshwa kwa upinde wa manyoya ya mkia wa farasi. Zeze la Kigogo lina kibuyu au kisanduku cha mti kilichowambwa ngozi, shingo ndefu na upinde mwembamba; idadi ya nyuzi hutofautiana, na Zawose alipiga hata mazeze makubwa yenye nyuzi nyingi kuliko yaliyozoeleka vijijini. Ala hizi zimezaliwa mbali, lakini ugumu wake ni mmoja. Shingo ya gitaa ina vipande vya chuma vinavyokionyesha kidole mahali pa kukaa. Shingo ya selo na ya zeze ni tupu. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti imepotoka, na hakuna cha kukirudisha isipokuwa sikio. Mkono wa pili nao una elimu yake: upinde uwe na uzito gani, uende kwa kasi gani, uuguse uzi wapi. Mtoto aliyejifunza peke yake mwaka mzima anaweza kuwa amejifunza kosa mwaka mzima, na kosa lililozoeleka mkononi ni gumu kung'oa kuliko ujinga mtupu. Kwa hiyo hata mwenye kipaji kikubwa anahitaji jicho la mtu mwingine, kwa karibu, mara nyingi kwa wiki, kwa miaka. Kitabu hakitoshi, na video ya kwenye simu haimwoni anayeitazama.

Zawose mwenyewe alianza bila shule. Alizaliwa Ugogo mwishoni mwa miaka ya 1930, au pengine mwaka 1940, akajifunza kwa baba yake huku akichunga ng'ombe kama wavulana wengine wa rika lake. Angeweza kubaki hodari wa vijiji vinavyomzunguka, na jina lake lingekufa na kizazi chake. Kilichogeuza njia yake ni uamuzi wa serikali. Mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, na kabla ya muongo huo kwisha Zawose aliitwa Dar es Salaam kuwa mwanamuziki wa dola. Maana yake ni kwamba aliajiriwa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, kile kinachojulikana leo kama TaSUBa, alikuwa miongoni mwa mabingwa waliokijenga kwa kufundisha. Kuanzia hapo elimu iliyokuwa ya ukoo mmoja ikawa mali ya vijana wa makabila yote waliopita katika chuo hicho. Na ukoo wenyewe haukupoteza kitu. Charles Zawose, kijana wa ukoo huo, alisafiri naye jukwaani hadi mwisho. Msafiri Zawose, mwanawe, ana muziki wake mwenyewe. Mwaka 2024 Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake, walitoa albamu iitwayo Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa katika mila ya Kigogo wanawake walikuwa na ngoma ya muheme na uimbaji, huku ilimba na zeze vikiwa mikononi mwa wanaume. Miaka 21 baada ya kifo cha mwalimu, wanafunzi wake wanafanya jambo ambalo yeye alipokuwa mtoto lisingefikirika.

Mtu anaweza kunijibu hapohapo kwamba baba yake Zawose hakuwa na mshahara, na bado alimfundisha mwanawe. Ni kweli, na ni pingamizi linalostahili jibu kamili. Baba yule hakulipwa fedha, lakini muda wa kufundisha alikuwa nao, na mtoto alikuwa naye machungani na nyumbani. Maisha ya ufugaji yalikuwa yakilipia elimu ile bila mtu kuandika hesabu. Saa za kuchunga ni saa ndefu ambazo mikono haina kazi, na chombo cha nyuzi huzijaza vizuri. Swali kwa Geita na Shinyanga ya leo ni kama saa hizo bado zipo. Sioni ushahidi kwamba zipo.

Usukuma, nchi ya asili ya wakazi wengi wa mikoa hiyo, haukuwa nchi isiyo na walimu wa muziki. Ulikuwa na mfumo wa kufundisha uliopangika kuliko wengi wanavyokumbuka. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma waligawanyika katika kambi mbili kubwa, Bagika na Bagalu, ambazo simulizi huzirudisha kwa waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Kila kambi ilikuwa na waimbaji wake, watunzi wake, dawa zake za kuvuta umati na siri zake. Kulikuwa na vyama vya bayeye waliocheza na nyoka, vya banunguli wawindaji wa nungunungu, na vikundi vya bugobogobo vilivyolima kwa mdundo wa ngoma kubwa. Mwanafunzi hakuingia bure. Aliyetaka kujiunga na chama kama cha bayeye alitoa ada, akapitishwa katika mafunzo, akapanda ngazi kwa ngazi. Vikundi vya kulima vilikodishwa na mwenye shamba na kulipwa, iwe kwa chakula, kwa mifugo au kwa fedha. Wanaosema kwamba sanaa ya jadi hujifundisha yenyewe, na kwamba kumlipa mwalimu wa ngoma ni kuichafua mila, wanaisahau mila hiyohiyo. Wazee wetu walilipana.

Mfumo ule ulikuwa pia na kalenda, nayo ndiyo iliyovunjika. Mashindano ya Bagika na Bagalu yalifuata mavuno; kuanzia Juni, mtama na pamba vikiwa vimetoka shambani, watu walikuwa na chakula, fedha na nafasi. Tamasha la Bulabo linalofanyika Bujora, Kisesa, kwa kufuata sikukuu ya Ekaristi, bado linashika msimu huo. Kabla ya mashindano kulikuwa na majuma ya mazoezi, na mazoezi hayo ndiyo yaliyokuwa darasa. Sasa iangalie dhahabu. Haina masika wala kiangazi. Duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, la Nyarugusu au Rwamgasa linachimbwa Januari kama linavyochimbwa Julai. Karasha linasaga mawe usiku na mchana. Bei inapopanda hakuna anayesema tupumzike kwanza tucheze. Katika mgodi mkubwa kazi huenda kwa zamu, na mtu wa zamu ya usiku hawezi kukutana na mtu wa zamu ya mchana kwa mazoezi ya saa kumi jioni. Kijana ambaye zamani angekuwa machungani na ndono yake, ule upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu cha kukuzia sauti, leo anabeba mifuko ya mawe kwenye mwalo wa kusafishia dhahabu au anauza vocha Katoro. Simlaumu, familia inakula. Ninachosema ni kwamba uchimbaji umeondoa muda uliokuwa ukilipia elimu ya muziki, na haujaweka kitu mahali pake. Dhahabu inatoka ardhini kwa watu waleale na katika nchi ileile. Kwa hiyo deni linajulikana ni la nani.

Kuna pingamizi la pili, nalo linatoka kanisani. Mtu atasema: mbona kwaya zinastawi? Ni kweli zinastawi. Kwaya za Africa Inland Church (AIC), za Wakatoliki na za Walutheri katika Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa zinazosikika nchi nzima, na waimbaji wake wengi husoma noti za do-re-mi na kuimba sauti nne bila woga, jambo ambalo nchi tajiri zingelionea fahari. Walimu wa kwaya wengi hawalipwi chochote cha maana. Je, hilo halithibitishi kwamba moyo unatosha? Naona linathibitisha kitu kingine. Koo kila mtu anazaliwa nalo. Mwalimu mmoja anaweza kusimama mbele ya watu 60 Jumamosi jioni, akawapa kila sauti mstari wake, na Jumapili wakaimba. Nyuzi hazifundishwi hivyo. Anayefundisha watoto 60 kupiga zeze au selo kwa pamoja, mara moja kwa wiki, atapata watoto 60 wanaoshika vibaya. Tazama ndani ya kwaya zenyewe: pale penye uimbaji wa hali ya juu, vyombo vinavyoambatana nao ni kinanda cha umeme, magitaa na ngoma. Nyuzi za upinde ni nadra. Kujitolea kumefika kote kunakoweza kufika. Kanisa linajua hilo. Ndiyo maana Walutheri walianzisha chuo cha muziki Ruhija, mkoani Kagera, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Usa River, kinatoa shahada ya muziki. Wahitimu wapo. Wanaporudi Shinyanga wakiwa na cheti cha muziki, nafasi ya kufundisha nyuzi kwa mshahara hawaikuti.

Hata mpiga selo mashuhuri kuliko wote wa karne iliyopita, Pablo Casals, alikumbana na tatizo hilihili. Casals alizaliwa Katalonia, Hispania, mwaka 1876, akafariki mwaka 1973, na dunia inamheshimu kwa kuzirudishia uhai nyimbo za Bach za selo peke yake. Alipotaka kuupa mji wa Barcelona okestra bora mwaka 1920, alikuta wanamuziki wa mji huo wanalipwa kidogo kiasi kwamba kila mmoja alikuwa na kazi nyingine, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya mazoezi. Hakuwahutubia kuhusu uzalendo. Aliwalipa vizuri zaidi, kutoka mfukoni mwake, mwaka baada ya mwaka, mpaka okestra ikasimama. Mwaka 1926 akaongeza jambo ambalo watu wa migodini wanapaswa kulijua: alianzisha chama cha maonyesho ya muziki kwa wafanyakazi, ambacho wanachama wake walikuwa watu wa kipato cha chini tu. Muziki ule haukubaki kwa matajiri, lakini hakuna aliyedanganywa kwamba unaweza kuwapo bila wapigaji kula. Zanzibar nayo ilijua hilo mapema zaidi. Simulizi za wanataarabu husema kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipoupenda muziki wa Misri alimpeleka Mohamed Ibrahim huko akajifunze. Alianza kwa kumgharimia mtu asome. Kutoka mbegu ile tukapata Ikhwani Safaa mwaka 1905, na baadaye okestra za taarabu zenye fidla, selo na besi kubwa zilizopigwa na Waswahili kwa mashairi ya Kiswahili.

Pingamizi zito kuliko yote, kwa maoni yangu, linatoka Kinshasa. Armand Diangienda alikuwa rubani. Kampuni yake ya ndege ikafungwa, na mwaka 1994 akaanzisha okestra ya simfoni ya Kanisa la Kimbangu. Hakuwa amesomea muziki wa Ulaya. Alijifunza selo na vyombo vingine kwa juhudi zake, akawafundisha wenzake, na walipopungukiwa fidla walipokezana chache walizokuwa nazo. Uzi ulipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Okestra ile, katikati ya vita na umeme unaokatika, ilifika mahali pa kupiga simfoni ya tisa ya Beethoven. Filamu ya mwaka 2010 ilionyesha hayo kwa dunia nzima, na mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ikampa Diangienda uanachama wa heshima. Wapigaji wake walikuwa wauza sokoni, mafundi na wasusi. Basi mshahara wa nini?

Sitaki kulikwepa jibu. Kinshasa inaonyesha kwamba inawezekana kuanza bila fedha, na anayengoja bajeti kwanza ndipo aguse uzi ana kisingizio kibaya. Lakini Diangienda alikuwa na vitu viwili ambavyo huwezi kuvihamishia Geita kwa basi. Yeye ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa lenye mamilioni ya waumini. Alipowaita watu kwenye mazoezi ya kila siku, walikuja kwa wito wenye uzito kuliko wa mwalimu yeyote wa shule. Na kanisa hilo lilimpa paa, uwanja na jamii iliyomtunza. Kwa maneno mengine, ufadhili ulikuwapo, ila haukupita benki. Tena safari yenyewe ilikuwa ndefu na ya maumivu. Miaka 16 ilipita kati ya kuanzishwa kwa okestra na filamu ile. Mwalimu aliyesoma angefupisha miaka mingi ya kubahatisha. Ninaiheshimu Kinshasa mno kiasi kwamba siwezi kuigeuza kuwa sababu ya kutowalipa walimu wa Shinyanga.

Wapo watakaouliza kwa nini selo kabisa, chombo cha Wazungu, wakati zeze na ndono zinakufa. Swali hili lina haki nusu. Kama ingekuwa lazima kuchagua kimoja, ningechagua ndono, kwa kuwa selo lina vyuo elfu moja duniani na ndono haina hata kimoja. Lakini sioni ulazima huo. Mkono uliofundishwa kusikiliza shingo tupu kwenye zeze ni mkono uliokwisha kwenda nusu ya safari ya selo, na njia ya kurudi ni hiyohiyo. Zawose alipiga na wanamuziki wa gitaa za umeme bila kuacha ngazi ya sauti ya Kigogo. Wapigaji wa taarabu walishika fidla za Ulaya wakazipa lafudhi ambayo hakuna mwalimu wa Vienna angeifundisha. Na tukumbuke kwamba gitaa, kinanda na tarumbeta nazo zilikuja kwa meli, lakini leo hakuna harusi ya Kahama inayoviona vigeni. Chombo huwa cha wenyeji pale wenyeji wanapokipiga vizuri, na hatua hiyo hupita kwa mwalimu.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo mkazi wa kawaida wa Msalala au Nyang'hwale ataanza nayo, na ana haki ya kuanza nayo: watoto wanasoma wakiwa wamebanana, mama anajifungua mbali na zahanati, na mtu anazungumza zeze? Kama fedha zingekuwa kidogo kweli, ningenyamaza. Lakini tufanye hesabu. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20. Madarasa matano kwa bei ile ni shilingi milioni 100. Zigawe kwa miezi 120, yaani miaka 10, unapata zaidi kidogo ya shilingi 833,000 kwa mwezi, kiasi kisichokuwa mbali na mshahara wa mwalimu kijana mwenye shahada. Kwa hiyo ninachokiomba kwa kila mwalimu ni thamani ya madarasa matano, kwa muongo mzima, katika mikoa ambayo migodi yake huzilipa halmashauri ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mapato ghafi, na juu yake hutoa mabilioni ya shilingi za uwajibikaji kwa jamii kila mwaka. Hospitali haitakosa kitanda kwa sababu hiyo. Sheria pia iko upande huu. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalimtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa kukubaliana na halmashauri, nayo yalitaja shughuli za mazingira, za jamii, za uchumi na za utamaduni. Utamaduni umo ndani ya sheria. Katika utekelezaji, majengo ndiyo yanayojulikana kwa fedha hizo, kwa kuwa jengo linapigwa picha siku ya uzinduzi na mwalimu hana siku ya uzinduzi.

Wahasibu watanijibu kwamba fedha za uwajibikaji ni za miradi, na mshahara ni mzigo unaoendelea; mgodi ukisita mwaka mmoja, mwalimu amekosa chakula. Hofu hiyo ni ya kweli, na Zanzibar imeionja. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichofungua milango Mji Mkongwe mwanzoni mwa miaka ya 2000, kimefundisha vijana wengi udi, kanuni na fidla. Wafadhili wa nje walipopungua, kilijikuta mwaka 2019 kikihangaika kuwalipa walimu na kuhofia kufungwa. Jibu langu ni kwamba fedha ya mwalimu isingoje mgao wa kila mwaka. Itengwe kwa mkupuo wa miaka 10 na kuwekwa katika mfuko wenye wadhamini, halmashauri ikiwamo, ili kuyumba kwa bei ya dhahabu kusimguse. Kinachokwamisha ni mazoea, fedha zipo. Na serikali kuu ina sehemu yake: mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali ambamo sanaa zimepewa nafasi, na nafasi bila mwalimu ni ukurasa mtupu wa ratiba.

Kuhusu muda, migodi yenyewe inatufundisha kwa ukali. Buzwagi, nje kidogo ya Kahama, ilianza kuzalisha mwaka 2009 na ikafunga uzalishaji mwaka 2021. Golden Pride ya Nzega ilikuwa ya kwanza miongoni mwa migodi mikubwa ya kisasa, na ilimaliza kazi mwaka 2013. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka Buzwagi ilipoanza alikuwa kidato cha tano au cha sita ilipofunga, na hiyo ndiyo miaka inayohitajika kumtoa mtu kwenye uzi wa kwanza hadi kuwa mpigaji anayeweza naye kufundisha. Maisha ya mgodi mmoja yanatosha kabisa kuzalisha kizazi cha kwanza cha walimu, mradi kazi ianze pamoja na mgodi. Ikianza mwaka wa mwisho, hakuna. Geita imechimbwa kwa kiwango kikubwa tangu mwaka 2000 na Bulyanhulu tangu 2001. Mwadui ilikuwa ikitoa almasi tangu 1940, na mwaka 1947 ilitoa almasi ya waridi iliyopelekwa kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Hesabu vizazi vya walimu vilivyoweza kupita katika miaka hiyo yote.

Kwa kuanzia sioni haja ya chuo wala ukumbi. Nafasi mbili za kufundishia zingetosha, moja Kahama na moja Geita, kila moja na watu wawili: kijana mhitimu wa Bagamoyo au Makumira anayesoma noti na kujua fidla au selo, na mzee anayepiga ndono au zeze la Kisukuma. Wafundishe watoto walewale, katika madarasa yanayobaki matupu baada ya saa tisa alasiri. Kikwazo kitakuwa kwa mzee, kwa sababu hana cheti na mfumo wa ajira humtaka nacho. Hilo nalo lina njia. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa na utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao chini yake waashi, maseremala na wapishi waliojifunza kazini wamepimwa na kupewa vyeti. TaSUBa na VETA wanaweza kukaa pamoja na kuandika kipimo cha mpiga ndono. Mhitimu kijana atapatikana mwaka huu au mwaka ujao, na selo litauzwa madukani siku yoyote fedha ikipatikana. Wazee wanaoijua ndono vizuri ni wachache na umri umekwenda, kwa hiyo halmashauri zikikaa na kampuni za migodi kupanga mwaka wa fedha ujao, mkataba wa mzee usainiwe kabla ya kununua chombo chochote.